Aliyesifiwa Akiwa Kitandani

Mwalimu mmoja wa muziki alikuwa na wanafunzi wawili aliowafundisha fidla tangu wakiwa wadogo, Heriel na Apaikunda. Wote wawili walikuwa hodari. Heriel alikuwa na vidole vyepesi na sura ya kupendeza jukwaani. Apaikunda alikuwa mkimya, na alipopiga yeye watu waliacha kukohoa. Baba yake Apaikunda hakuipenda kazi ile. Alikuwa amemwambia binti yake waziwazi kwamba atamvumilia hadi mwisho wa mwaka, na kama kufikia hapo hajasikia neno lolote la maana juu ya hiyo fidla, atamwoza.

Mwaka ule shule ilipewa nafasi ya kupeleka mpigaji mmoja mjini, apige mbele ya okestra katika ukumbi mkubwa. Mwalimu alimchagua Heriel. Ratiba zikachapwa, jina lake likakaa juu kwa herufi nene. Apaikunda akaenda naye ili kumfunulia kurasa za nota wakati wa mazoezi. Lakini Jumapili ya onyesho Heriel aliamka anatetemeka kwa malaria, hata kikombe cha maji hakuweza kukishika. Mwalimu akatazama huku na huku, akaona hana la kufanya. Apaikunda akaazima gauni la kijani kwa mke wa mchungaji, akapanda jukwaani badala yake. Waliokuwapo walisema kwamba alipoteremsha upinde hakuna aliyepiga makofi kwa muda, kwa sababu kila mtu alikuwa bado anasikiliza.

Siku ya tatu gazeti likatoka. Mjini palikuwa na mhakiki mmoja aliyeogopwa na wanamuziki wote, kwa kuwa alikuwa mgumu wa kusifu. Safari hii alikuwa amesifu nusu ukurasa. Aliandika kwamba nchi imepata mpiga fidla wa kwanza wa kiwango cha dunia, kijana Heriel, aliyesimama mbele ya okestra na suti yake nyeusi kama mtu aliyezaliwa pale. Heriel alilisoma akiwa kitandani, masikio yakimvuma kwa dawa. Mara ya kwanza alicheka. Akaelewa mara moja kwamba yule bwana mkubwa hakufika ukumbini. Alikuwa amechukua ratiba akaandikia nyumbani kwake. Kisha akasoma mara ya pili, polepole, na mara hii hakucheka. Yale maneno yalikuwa mazuri mno. Yalimwingia kama uji wa moto kwa mgonjwa.

Alimngoja mwalimu aje aseme jambo. Mwalimu alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua miwani akaifuta sana. Alisema kwamba ni kweli gazeti limekosea, ila mtu yule ukimwumbua mbele ya watu hataiandika tena shule yao, na tayari barua mbili za mwaliko zimefika. Hakusema Heriel anyamaze. Alisema apumzike. Mama yake Heriel naye alikuwa ameshakata ule ukurasa na kuupeleka kanisani, ukasomwa mbele ya waumini wote, akashangiliwa kwa vigelegele. Angewezaje kumwambia mama arudi kanisani akakanushe?

Kule nyumbani, baba yake Apaikunda alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi: alikwenda stendi akanunua gazeti. Binti yake alikuwa amempigia simu kutoka mjini, akilia kwa furaha, akamweleza kila kitu. Mzee akalisoma lote, mpaka matangazo ya vifo. Apaikunda aliporudi, alilikuta limekunjuliwa mezani. Baba hakumpiga. Alimwita mwongo, mbele ya mama yake na wadogo zake, akatoka nje.

Kesho yake asubuhi Apaikunda akaenda kwa kina Heriel. Alimkuta anajaribu koti jipya, fundi akiwa amepiga magoti anashika pindo kwa pini. Akangoja fundi amalize na kuondoka, ndipo akasema, “Heriel, gazeti sitaki, na mwalimu simtaki. Njoo umwambie baba tu.”

Heriel alimwambia atakuja kesho. Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na aliposema aliamini. Lakini kesho yake ilikuwa siku ya safari, na basi liliondoka mapema.

Akapiga katika miji mingi. Siku nyingine alipiga vizuri, siku nyingine alipiga ovyo, na siku zote walisimama kumshangilia, maana walikuwa wameshasoma. Wahakiki wengine, kwa kuogopa kuonekana hawana masikio, waliandika yale yale ya yule wa kwanza kwa maneno mengine kidogo. Mwanzoni Heriel alifurahi. Baadaye akaanza kuogopa, kwa sababu hakuna aliyeweza tena kumwambia lipi alilipiga sawa na lipi alilikosea, na masikio yake mwenyewe yalikuwa yamezoea makofi hata hayakumwambia kitu. Alikuwa mpigaji mzuri wa kweli hapo zamani. Hilo nalo hakuwa na uhakika nalo tena.

Miaka tisa ilipita. Siku moja, katika ukumbi ule ule mkubwa, alishindwa kuvumilia. Alisimama mbele ya watu akasema yote: malaria, gauni la kijani, jina la Apaikunda. Watu wakasimama wakapiga makofi kuliko siku zote, na wanawake wa safu ya mbele wakafuta machozi. Yule mhakiki, ambaye sasa alikuwa mzee, safari hii alikuwapo. Aliandika kwamba kijana huyu, pamoja na kipaji chake, ana unyenyekevu usio wa kawaida, hata anathubutu kumgawia msichana asiyejulikana sehemu ya utukufu wake. Jina la msichana halikuandikwa. Pengine hakulisikia vizuri.

Heriel akapanda basi akaenda kwa baba yake Apaikunda. Alikuta kaburi lililosakafiwa, na majani yameota pembeni mwa saruji. Jirani akamwambia kwamba mzee alikufa miaka mitatu iliyopita, na kwamba binti yake aliozwa upande wa ziwani, ana watoto wanne, na kwenye mazishi ya baba yake alikaa nje na wapishi kwa sababu yeye na mzee hawakuwa wakisemezana. Jirani akajitolea kumwelekeza njia ya kwenda kwake. Heriel akashukuru, akasema atafika kesho.

Basi ninyi mliokaa hapa, ambao kila mmoja wenu anajua ni sifa ipi aliyoipokea kwa kunyamaza tu: aliyekuomba umwambie baba yake tu, ulimjibu nini?