Oili ya Gia Haimwagwi Yote kwa Siku Moja

Hadithi hii nimeletewa na rafiki, naye aliletewa na mwingine. Naipitisha kama nilivyoipokea.

Fundi Shemweta alisifika Tanga mjini kwa kutengeneza giaboksi. Baba yake alipofariki, alipanda milimani hadi Soni kumchukua mama yake wakaishi pamoja mjini. Nia yake ilikuwa njema. Kuku alikwisha kuwagawa kwa majirani, shamba la maharage amelipatia mpangaji, na nyumba ingefungwa siku hiyohiyo.

Wangeshuka na gari la marehemu. Lilikuwa gari la zamani, la gia zinazojibadilisha zenyewe, na ndani yake bado mlinuka tumbaku ya kiko. Ndilo lililompeleka Shemweta shule ya bweni. Ndilo lililowapeleka dada zake kanisani kufunga ndoa, mzee akipiga honi kila kona ya mlima.

Asubuhi fundi aliliegesha mahali tambarare, akaliacha liungurume mpaka likapata moto. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta kwenye kitambaa cheupe. Mama yake alisogea kutazama.

"Mbona nyeusi hivyo?"

"Imechoka, mama. Ikiwa nzima huwa nyekundu kama juisi ya rosela. Hii imeanza kunuka moshi. Ilitakiwa ibadilishwe zamani."

"Baba yako huyo! Kuosha gari kila Jumamosi, lakini umwambie afungue boneti!"

Walicheka, kila mmoja akimwona moyoni mzee na ndoo yake ya maji.

"Sasa si uimwage yote, uweke mpya?" mama aliuliza.

"Aa, hapana. Giaboksi iliyozoea oili ya zamani, ukiinyang'anya yote kwa mkupuo, gia zinaweza kuanza kuteleza. Gari linabaki kuunguruma tu, haliendi. Nafungua chini, itoke inayotoka. Inayobaki ndani naiacha. Naongeza mpya ya aina ileile, kwa kipimo chake. Litembee kwanza, lizoee. Halafu narudia."

Mama alikaa kwenye kizingiti cha mlango.

"Kumbe chuma nacho kina mazoea."

"Tena sana."

"Na kinahurumiwa?"

"Lazima, mama. Ukikiharakisha, unakiua."

"Basi, baba," alisema taratibu, "mbona mimi unanimwaga yote leo?"

Fundi aliiweka spana chini. Maneno yale alikuwa amewaambia wateja miaka yote, na hakuwahi kudhani yangeweza kumhusu mama yake.

Nyumba haikufungwa. Mpangaji wa shamba aliombwa asubiri, naye akacheka, akakubali. Mama alishuka Tanga na kikapu kimoja tu, akakaa kidogo, akarudishwa Soni kuangalia maharage yake. Akashuka tena, akakaa zaidi. Wakaendelea hivyo, wakipanda na kushuka, na kila baada ya safari fundi alilala chini ya gari akabadilisha oili kidogo.

Mpaka asubuhi moja, gari likiwa tayari kwa safari ya kupanda mlima, fundi alimkuta mama yake jikoni mjini, amefunga khanga kiunoni, anachagua mchele.

"Nenda wewe ukawasalimie majirani wa Soni," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi leo nina wageni wangu."

Funzo: Usimwondolee mtu yote aliyoyazoea kwa siku moja, hata kama unachompa ni bora zaidi. Mwachie sehemu ya yale ya zamani, mpaka mapya nayo yawe yake.