Mkunga Aliyepewa Mtoto

Hapo zamani, zamani zile ambazo nyumba ikikosa mtoto dawa alikunywa mke peke yake, alikuwako mkunga aitwaye Mwamvua. Nusu ya kijiji ilipokelewa na mikono yake, lakini yeye mwenyewe hakuwa na mtoto. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema mawifi zake, na walisema kwa sauti ili asikie.

Mwamvua alikunywa mizizi. Alijifukiza majani. Alikandwa tumbo na wanawake aliowazalisha yeye. Kila mwezi alingoja, kila mwezi alilia. Na mumewe, Mwinshehe? Hakunywa hata kikombe. Alisema mwanamume anayekula akashiba na kulima shamba lake hana cha kutibiwa. Msicheke, wanaume wa huko nyuma, nawaona.

Mwamvua alikuwa na mdogo wake, Sikudhani, aliyemsaidia kazi ya ukunga. Sikudhani akaolewa, akashika mimba upesi. Alipoona jinsi dada yake anavyoitazama mimba ile kisha anageuza uso, moyo ulimuuma. Akazungumza na mumewe, mumewe akaridhia, naye Sikudhani akaenda kwa dada yake.

"Dada, huyu nitakayemzaa ni wako," akasema. "Mimi bado kijana, nitazaa wengine."

Siku ya uchungu ikafika. Mtoto wa kike akatoka salama, wakamwita Tunu. Lakini kondo la nyuma likagoma, na damu ikamwagika. Mwamvua hakuwa na nafasi ya kufikiri. Akaingiza mkono, akalitoa. Sikudhani aliponea chupuchupu, akaugua homa kali, akainuka. Ahadi akaitimiza. Tangu hapo Mwamvua akawa Mama Tunu, na kila alipoitwa hivyo aliitika hata kabla mwitaji hajamaliza.

Sikudhani akangoja mimba nyingine. Haikuja. Mizizi, majani, kukandwa, sasa ikawa zamu yake. Mumewe akamwacha. Akarudi kukaa karibu na dada yake, akiitwa mama mdogo na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Je, homa ile iliyofuata mkono ule ndiyo iliyofunga kizazi chake? Mwamvua alijua kwamba yawezekana. Hakusema.

Tunu alipoanza kung'oka meno, akapita kijijini mganga kutoka bara. Mwamvua akamwendea kwa mazoea tu. Mganga akamnyima dawa. Akasema shamba limetazamwa vya kutosha, aletwe mwenye mbegu. Mwinshehe akaletwa, amenuna. Baada ya maswali ya faragha mganga akamwambia, "Mficha uchi hazai." Kumbe Mwinshehe alipata maradhi ya siri ujanani, akayaficha miaka yote hiyo, mkewe akitukanwa mbele yake. Akatibiwa. Haukupita muda mrefu, Mwamvua akashika mimba.

Mtasema alifurahi. Alifurahi, lakini hakutulia. Aliacha chungu motoni akatoka uani, akifika uani hajui alichofuata. Akimsuka Tunu alisuka, akafumua, akasuka tena. Alijua mimba si mtoto, maana ameona mengi. Na alijua Sikudhani atakuja.

Sikudhani akaja. "Dada, nilitoa nikidhani nina wengine. Sasa wewe una wako, mimi sina. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nirudishie Tunu."

"Kuzaa si kazi, kazi kulea," Mwamvua akajibu. "Akiumwa anamwita nani? Na mkono huu, mdogo wangu, ulikutoa kaburini."

"Mkono huo huo ndio ulionifunga. Na ulijua, ukanyamaza."

Hapo Mwinshehe akaingilia. Akasema kosa la kwanza ni lake, angetibiwa mapema Tunu asingetolewa kwa mama yake. Basi mtoto asing'olewe tena. Huyu aliye tumboni ndiye apewe Sikudhani, kama wao walivyopewa. Mwamvua alimtazama mumewe kwa hasira. Alikuwa mwepesi mno wa kutoa mzigo aliobeba mwingine. Wote wawili ni wake yeye, Mwamvua akasema, na hatoi hata mmoja.

Wakaachana hivyo, hawajapatana, na uchungu ukamkuta Mwamvua hawajapatana. Pale kijijini nani tena aliyejua kazi ile? Sikudhani peke yake. Angeweza kusimama mlangoni akaweka sharti. Hakuweka. Mtoto alikuwa amelala vibaya, Sikudhani akamgeuza taratibu, akamtoa, akamweka kifuani kwa dada yake. Kisha akatoka nje akalia.

Desturi ya kule, siku ya saba mtoto hutolewa nje, na anayevuka kizingiti na mtoto, awe mchanga au mkubwa, ndiye mama yake mbele ya watu. Likishakuwa limekuwa. Siku hiyo uani kulijaa. Ndani, Mwamvua amempakata mtoto wake mchanga, Sikudhani amesimama, Mwinshehe ameinamisha kichwa. Tunu naye amekaa karibu na mlango, amefunga nguo zake ndani ya kanga. Hakuna aliyemwambia azifunge.

"Mimi niende na nani?" akauliza.

Nje wanawake wakaanza vigelegele. Mwamvua akainuka.

Haya, ninyi mnaojua kuhukumu. Mkimpa Sikudhani yule binti, mnamng'oa mtoto kwa mama pekee anayemjua. Mkimpa mtoto mchanga, mnamnyang'anya Mwamvua alichokililia ujana wake wote, kwa kosa aliloficha mumewe. Na mkiwaacha wote kwa Mwamvua, basi Sikudhani atarudi nyumbani na mikono mitupu, mikono iliyotoa mtoto kwa hiari na kuokoa mwingine bila kudai. Vigelegele vinaendelea, na Tunu bado anangoja kujibiwa. Je, nani alistahili kuvuka kizingiti, na mtoto yupi?