Mkuyu Uliopigwa Shoka Moja

Nikisema "Ndiva", ninyi mnaitika "Imejaa". Tusipopatana hivyo sisimulii kitu, nitamenya maharage yangu kimya mpaka jua lizame.

Ndiva?

Imejaa.

Hiyo sauti ni ya watu wasiokula mchana. Tena. Ndiva?

Imejaa!

Sasa nimewasikia. Nakiete, mikono yako iendelee kumenya. Masikio niazime mimi, mikono ni ya maharage.

Hapo zamani, si zamani ya babu yenu, wala ya babu wa babu yenu, ni ile ambayo hata bibi yangu akiulizwa ilikuwa lini alikuwa anakuna kichwa na kusema "nyuma kabisa huko", palikuwa na watu katika mlima huu huu wa Upare. Hawakuwa majitu. Walikuwa watu kama sisi, wenye magoti yanayouma na majirani wasiorudisha majembe. Na walikuwa na ndiva yao, bwawa walilolichimba kwa mikono na kulizungushia ukuta wa mawe na udongo. Ukingoni mwa ndiva ulisimama mkuyu, mti mnene, watu wanne hawakuweza kuukumbatia.

Mnajua ndiva inavyofanya kazi, lakini kuna wengine hapa wamekuja likizo kutoka mjini, kwa hiyo nitasema. Jioni mlinzi wa ndiva anaziba tundu kwa gogo, maji ya kijito yanakusanyika. Asubuhi anachomoa gogo, maji yanateremka mferejini, kila shamba kwa zamu yake. Lakini masika yakikolea, gogo linachomolewa na kupelekwa nyumbani kwa mlinzi, linalala huko mpaka mvua ipungue. Ndivyo walivyofundishwa na waliowatangulia, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Mlinzi wa zamani zile aliitwa mzee Senkondo. Mtu mzuri. Nasema mapema, mtu mzuri, msije mkaanza kumchukia kabla sijamaliza.

Basi ikaja miaka mitatu bila mvua. Mwaka wa kwanza walikula akiba. Mwaka wa pili walikula mbegu. Mwaka wa tatu sitawaambia walikula nini, maana hamjala bado. Mwaka wa nne mvua ikanyesha. Ikanyesha, ikanyesha, ndiva ikajaa mpaka ukingoni. Mzee Senkondo akaenda kuchomoa gogo kama ilivyo desturi. Akalishika. Akayatazama yale maji.

Akasema, "Leo tu. Yakae leo tu."

Kesho yake akasema tena, leo tu. Na keshokutwa, leo tu. Msidhani alikuwa peke yake. Watu wazima walikuwa wanapanda kuja kuyatazama maji, wanacheka wenyewe. Kijana mmoja aitwaye Mgonja, mume wa Nakunda, alisimama pale na mkewe, jembe lake kalitundika kwenye tawi la mkuyu kama kawaida yake, akamwambia mlinzi, "Mzee, usiyaache yaende. Macho yangu hayajashiba." Na Nakunda akacheka. Wote wakacheka. Ungekuwepo wewe, Nakiete, ungecheka. Na mimi ningecheka, na mnajua sichekicheki ovyo.

Siku ya tano, alfajiri, watu wanaanza kuwasha moto, ukuta ukapasuka.

Sitairefusha hii. Maji yalishuka na mawe, na mawe yakashuka na nusu ya kilima. Nyumba tisa zilikwenda. Watu ishirini na sita walikwenda. Mkwe wa mzee Senkondo na mjukuu wake walikuwamo. Mgonja alikuwamo, na hakuonekana tena, hata ukosi wa nguo yake. Na ule mkuyu ulipasuka katikati toka juu hadi chini. Nusu moja ilichukuliwa. Nusu nyingine ilibaki imesimama upande upande, haina jani hata moja, mizizi inaning'inia hewani.

Watu walilia mpaka wakachoka. Walipochoka wakakaa kikao.

Aliyewaita ni Mcharo, kaka mkubwa wa Mgonja. Huyo ndiye aliyekuwa na pembe ya tandala inayopigwa kuita watu kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo mpaka leo mkisikia pembe mnajifanya mnaumwa tumbo. Mcharo akasema, "Ukuta haupo. Mfereji haupo. Tushuke nyika tukaanze upya. Huku juu hakuna kilichobaki."

Nakunda akasimama. Mjane wa wiki tatu, kichwa kimenyolewa.

"Mkuyu umebaki," akasema.

"Nusu ya mkuyu, shemeji."

"Na sisi tuko wangapi? Si na sisi ni nusu?"

Mcharo akaona huyu si wa kunyamazishwa kwa maneno matamu. Na yeye mwenyewe alikuwa amefiwa na mdogo wake, moyo ulikuwa unamuuma vile vile. Akasema, "Nakupa miezi miwili. Mti ukitoa jani, nitapiga pembe, tutajenga ndiva upya. Usipotoa, nitaukata kwa mkono wangu, tutawasha moto mmoja, kila nyumba itachukua kijinga chake tushuke."

Maana hivyo ndivyo walivyohama watu wa zamani. Kila nyumba ilibeba moto kutoka kwenye moto mmoja, ili huko waendako wabaki ndugu.

"Nimekubali," akasema Nakunda.

Kwa nini alitaka kubaki? Nitawaambia waziwazi. Mumewe hakuwa na kaburi. Alikuwa humo humo ndani ya udongo wa mlima, hajulikani wapi, na mahali pekee ambapo Nakunda angeweza kwenda kusimama na kusema "alikuwa hapa" ni chini ya lile tawi la jembe. Wakishuka nyika, angemwacha peke yake. Hilo ndilo lililokuwa linamkosesha usingizi.

Basi akaanza. Anashuka korongoni na kibuyu, anateka, anapanda, anamwaga. Anashuka, anateka, anapanda, anamwaga. Mvua ilikwisha, jua likatoka, kali. Wanawake wenzake walimwona wakasema, "Nakunda ananywesha kuni." Wakacheka? Wakacheka. Akaacha? Anashuka, anateka, anapanda, anamwaga.

Na mzee Senkondo yuko wapi wakati wote huo? Nyumbani kwake, mlango umefungwa. Watu walikuwa wanapita pale bila kumsalimu. Katika mlima huu, ninyi mnajua, hata mtu mliyegombana naye shambani mnaulizana mmeamkaje. Yeye hakuulizwa. Wiki nne hakuna aliyemuuliza ameamkaje.

Siku moja Nakunda anamwaga maji yake, akasikia hatua nyuma. Mzee amesimama kwa mbali, kikapu cha udongo kichwani, shingo inatetemeka.

"Mizizi iko uchi, mwanangu," akasema. "Maji peke yake hayatatosha. Jua linaikausha."

Nakunda hakugeuka. "Nani kakuita?"

"Hakuna aliyeniita."

Nakunda akamwaga maji mpaka kibuyu kikaisha. Yule mzee hakutua kikapu wala hakuondoka. Na sikilizeni, angeweza kujitetea. Angeweza kusema, mumeo ndiye aliyeniambia nisiyaache yaende. Neno lilikuwa mdomoni. Hakulisema, hakulisema mpaka anaingia kaburini.

Aliyelisema ni Nakunda. "Siku ile nilikuwepo," akasema. "Mgonja alipokwambia macho yake hayajashiba, nilicheka. Kwa hiyo sikia. Mimi sijakusamehe. Na mwenyewe sijajisamehe. Lete udongo."

Mzee akaleta udongo.

Tangu siku hiyo wakawa wawili. Mmoja maji, mmoja udongo. Anamwaga, anafukia. Anamwaga, anafukia. Hawakuzungumza. Bibi yangu alikuwa anasema walizungumza kidogo, lakini bibi yangu alipenda kutia chumvi. Mimi nasema hawakuzungumza, ila kila asubuhi Nakunda alimuuliza, "Umeamkaje?" Na mzee akajibu, "Nimeamka."

Miezi miwili ikaisha.

Asubuhi hiyo walikuja wote. Vyombo vimefungwa, mbuzi wamefungwa kamba, watoto wamebebwa mgongoni. Mcharo ana shoka. Wakasimama kuuzunguka mkuyu, wote wakatazama juu. Maana yalisemwa majani, na majani hukaa juu. Walitazama tawi moja, wakatazama la pili. Lile la jembe wakalitazama mara tatu. Hakuna jani. Makavu matupu.

"Shemeji," akasema Mcharo, "nimeiheshimu miezi yako."

"Umeiheshimu."

"Basi sogea."

Nakunda akasogea. Msinitazame hivyo. Alikubali masharti akiwa na akili zake, na mtu wa kwao hageuki. Lakini alikishika kikapu cha mzee kwa mikono miwili. Mcharo naye hakutaka, nawaambia. Alitema mate viganjani mara mbili, mtu ambaye siku zote anatema mara moja. Kisha akainua shoka, akapiga.

Utomvu ukatoka, mweupe kama maziwa. Ukachuruzika kwenye gome, ukadondoka kwenye udongo.

Mcharo akainama kufuta ubapa wa shoka, au labda alikuwa anatafuta pa kujificha uso wake, sijui. Akainama. Na alipoinama akaona kitu ambacho waliosimama wima wote hawakukiona. Kwenye shina, chini, usawa wa goti, hapo hapo mzee aliposhindilia udongo.

"Shemeji. Njoo."

"Ni jani?"

"Si jani."

"Ni nini?"

"Makuyu. Matatu."

Eeh, watu wa mjini, mkuyu hauzai kwenye ncha za matawi kama mchungwa. Unazaa kwenye shina, kwenye gome lenyewe. Kila mtu pale alilijua hilo tangu utotoni, na wote walikuwa wameinua shingo kutafuta majani! Matunda matatu mabichi, madogo kama punje hizi za maharage. Nakunda akapiga magoti akayagusa moja moja. Hapo ndipo alipolia. Tangu alfajiri ile ya mafuriko alikuwa hajalia mbele za watu, na sasa alilia mpaka kamasi zikamtoka.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Lakini tulipatana jani."

Mcharo akamgeukia. "Aliyepatana ni mimi. Wewe kawafungue mbuzi wako."

Akaenda kuchukua pembe.

Kesho yake ulikuwa msaragambo. Mawe yalikuwepo, mikono ilikuwepo, lakini hakuna aliyejua ukuta wa ndiva unaanzia wapi. Anayejua ni mmoja tu, na amesimama pembeni, na watu hawamsalimu. Wakatazamana. Nakunda akajaza kikapu udongo, akajitwisha, akaenda mpaka alipo mzee Senkondo, mbele ya macho ya kila mtu.

"Baba, umeamkaje?"

"Nimeamka, mwanangu."

"Huu niumwage wapi?"

Mzee akanyoosha kidole. "Hapo."

Akaumwaga hapo. Na aliyekuwa nyuma yake akamwaga hapo, na wa nyuma yake akamwaga hapo, mpaka ukuta ukasimama. Lakini safari hii mzee aliacha upenyo ukutani, chini kidogo ya ukingo, akaujengea mawe pande zote, na hakuna gogo linaloweza kuuziba. Maji yakifika hapo yanapita yenyewe, mvua inyeshe isinyeshe, mtu atake asitake. Watu wakauita jicho la Mgonja. Ninyi mnauita shimo la vyura. Leo mmejua jina lake.

Nini, Nakiete? Alimsamehe?

Nilijua utauliza, hata mimi niliuliza. Nakunda hakulisema neno hilo hata siku moja. Lakini mzee Senkondo alipofariki, miaka mingi baadaye, watu walisimama kaburini wakingoja nani aanze kufukia. Wanawe waliona aibu kumtangulia mjane wa Mgonja. Nakunda akatoka kati ya wanawake, mwanamke mzima mwenye mvi, mikono mitupu, akawaambia wale vijana, "Leteni udongo." Akamwaga wa kwanza yeye.

Basi, wajukuu zangu. Nakunda hakungoja mti uchipue ndipo achukue kibuyu. Alichukua kibuyu mti ukiwa mkavu, watu wakimcheka, na aliyemsaidia ni mtu ambaye hakutaka kumwona. Mkipatwa na jambo, na mtapatwa, fanyeni hivyo hivyo. Mimi nimefanya, na ndiyo maana niko hapa nawagombeza.

Mkuyu ule mnaujua, mnaupanda kila siku nikiwakataza. Lile kovu mnaloingiza vidole ni la shoka la Mcharo. Alipiga mara moja tu. Na kesho pembe ikilia, sitaki kusikia habari ya matumbo. Kila mmoja na kikapu chake, na kikapu cha kwanza kinaenda kwenye mizizi kabla ya ukutani, kama siku zote.

Ndiva?

Imejaa!

Basi ifungulieni, maji yaende. Na ninyi leteni hayo maharage, maji ya sufuria yamechemka.