Mashine Inayofanya Kila Kitu Yenyewe

Bi Nyamvula aliingia duka la Bwana Shekiondo na kikapu cha mayai ya bata, akaulizia mashine ndogo ya kuyatotoa nyumbani.

"Ndogo ni ya wanyonge," Shekiondo alimbeza. "Chukua kubwa. Inafanya kila kitu yenyewe."

"Basi ijaribu kwa mayai haya, hapa hapa. Nitanunua kitakachoyatotoa."

Shekiondo akakubali huku akicheka. Kumbe mayai ya bata yana makuu, na mashine ilijua kupasha joto tu. Mwezi mzima Shekiondo hakubanduka dukani, akiyageuza na kuyanyunyizia maji.

Vifaranga vilipototolewa, akamwita mteja wake, kifua mbele. "Haya, timiza ahadi."

Bi Nyamvula alivipakia kikapuni, akaitazama chupa ya kunyunyizia maji mkononi mwa mwenye duka.

"Aliyeyatotoa ni wewe, Bwana Shekiondo. Unauzwaje?"