Fisi Apanda Roketi Isiyo na Mpandaji

"Jamani, mko macho?"

"Macho, na masikio wazi!"

"Nitie chumvi?"

"Tia, lakini isizidi!"

Haya. Mtemi Fisi aliutazama mwezi, akaona mafuta matupu yananing'inia. Mate yakamtoka. Akamwita fundi wake, Pimbi, kadogo hata kanalala ndani ya kiatu.

"Nijengee roketi. Nataka nikaule mwezi."

Pimbi akajenga, wakaiwasha: tuuu! Ikapasuka. Akajenga nyingine, wakaiwasha: tuuu! Ikapasuka.

"Ya tatu utapanda wewe," akasema Fisi, "nione kama inabeba."

Maskini Pimbi! Watoto wake bado wananyonya. Akajenga huku analia, na juu ya chumba cha mpandaji akaweka kiroketi kidogo.

"Hicho cha nini?"

"Kubwa ikiharibika, Mtemi wangu, hiki kinanyakua chumba na kukimbia nacho. Ila kwanza tuirushe bila mpandaji. Kitini tuweke paja la mbuzi la kuchoma, lenye uzito wangu."

"Kwa nini lisiwe jiwe?"

"Jiwe lina mfupa wa kuvunjika, Mtemi?"

Fisi akakubali upesi mno. Pimbi akalifunga paja kitini, na kamba ya kuwashia akaifunga kwenye paja.

"Mtemi, twende tukae mbali."

"Tangulia. Mimi nakagua mikanda."

Akaingia, akajifungia mlango asionekane. Akanusa: fff! fff! Akavuta paja, halikung'oka. Akavuta tena, safari hii kwa meno. Kacha!

Ngurrruma! Roketi ikapaa.

"Pimbi weee! Nishushe!"

Ikayumba, ikapasuka: tuuu! Kiroketi kikafyatuka: fyuuu! Kikanyakua chumba, mwavuli wake wa kushukia ukafunguka: pwaa! Fisi akashuka polepole mpaka kwenye tope: chubwi!

Pimbi akamkimbilia, maana kwa kweli alimpenda yule mlafi.

"Mtemi wangu, u mzima?"

Fisi akamkumbatia na matope yake yote.

"Fundi wangu, kiroketi chako kimeniokoa! Ni mpumbavu gani aliyetaka kukupandisha humu?"

"Simjui, Mtemi."

"Akipatikana aletwe kwangu! Na wewe, kuanzia leo, hupandi kitu kirefu kuliko kigoda."

Pimbi akaenda zake nyumbani kwa wanawe.

Hadithi yangu imetua hapo. Anayeitaka aichukue, ila aifute matope.

Na funzo lake, watoto: hakuna chombo salama kama kile kinachorushwa bila mtu. Kwa hiyo mkikiona kimoja, wahini viti.