Tunda Moja la Mswaki

Sogeeni. Mwenye neno aliseme sasa, maana nikianza sipendi kukatizwa, na hadithi ya leo ni ya msiba.

Palikuwa na kwenzi watatu katika nyika ya Taru, wale ndege wenye vifua vya manjano. Umazi alijaliwa rangi, kifua chake kiling'aa kuliko vyote. Mumewe, Mwero, alijaliwa mbawa. Mbeyu, dada yake Mwero, alijaliwa subira, maana hakuwahi kupata kiota chake mwenyewe.

Mjue jambo moja. Kila apumuaye, pumzi hiyo hiyo inayomweka hai humla ndani kwa ndani, kama kutu na jembe. Ndege hupumua mbio, basi huliwa mbio. Kinga yao ni ile rangi ya matunda, nyekundu na manjano. Ikimwishia ndege, kwisha habari yake.

Mwaka huo mvua ilikataa. Umazi akataga yai moja tu, akaitoa rangi yake yote akaitia kwenye kiini, ili mwanawe azaliwe na kinga. Kifua kikapauka.

"Wifi, unajimaliza!" Mbeyu akamwambia.

"Bora mimi kuliko yeye."

Kifaranga akaanguliwa, wakamwita Kadzo. Hapo karibu hapakuwa na chakula. Mwero akawa anaruka alfajiri hadi jioni, ng'ambo ya vilima, akirudi na panzi mmoja, siku nyingine mikono mitupu kama tusemavyo sisi wenye mikono. Kila safari pumzi ilimla. Yeye mwenyewe hakuonja hata mguu wa panzi.

Na jua je? Kiota kilikuwa ndani ya tundu la mti, na mti ulikuwa na ufa. Mbeyu akasimama kwenye ufa huo, mbawa wazi, akihema, siku ishirini na moja. Na mtoto hakuwa wake, masikini.

Kadzo akaota manyoya, akaruka. Siku hiyo hiyo wazazi wake na shangazi yake wakaanguka chini ya mti, kutu imewafika moyoni. Mtoto akahangaika nyika nzima, akapata tunda moja la mti wa mswaki, jekundu, limeiva.

Naona mmoja hapo anataka kusema wagawane. Tunda lenyewe kama punje ya pilipili manga, wewe! Linamtosha mmoja, tena kwa taabu.

Kadzo akakumbuka mila ya kwenzi aliyokulia: mdomo unaofunguka ndio unaolishwa. Akaliweka tunda mbele yao, akasubiri.

"Mpe mama yako," akasema Mwero.

"Mpe shangazi yako," akasema Umazi. "Mimi ni mzazi, sikuwa na budi. Yeye nani alimlazimisha?"

"Mpe baba yako," akasema Mbeyu. "Kiangazi hakijaisha. Kesho utalishwa na nani?"

Kisha wakafumba midomo, wote watatu.

"Jamani, fungueni!" Kadzo akalia. "Hata mmoja! Mbona mnaniachia mzigo huu mimi?"

Hakufungua mtu.

Bibi yangu aliponisimulia alifika hapa akaniuliza alishwe nani, nami nikalia hadi nikalala. Tangu utotoni nimeshindwa kumjibu. Kadzo angali amesimama pale, na pumzi za wale watatu zinapungua. Haya, ninyi wenye midomo iliyo wazi, semeni haraka: tunda lile mngemlisha nani?