Bima Kubwa ya Mzee wa Kanisa

Ndugu zangu, mzee mmoja wa kanisa alirudisha gari nyuma Jumamosi moja, akaligonga geti la kanisa lake mwenyewe. Mlango wa nyuma ukabonyea. Hakuna aliyemwona. Na huyu ndiye aliyesimama kila Jumapili kwenye matangazo, akiwasema wenzake kwa kuegesha magari ovyo! Sasa angewatazamaje?

Aibu ikamkaba. Akaenda polisi kuandikisha kwamba amegongwa na bodaboda aliyekimbia, tena mwenye kizibao cha kijani. Wewe na mimi tungeuita uongo mdogo, si ndiyo? Polisi wakafika kijiweni kwa bodaboda, wakamkuta baba mmoja mwenye kizibao cha kijani, wakamweka ndani. Mzee alipata habari. Akajiambia watamwachia tu, akanyamaza.

Jumatano akapeleka gari gereji ili fundi aandike makadirio ya matengenezo. Mkaguzi wa bima naye akaja kuangalia. Fundi alipitisha kidole kwenye mkwaruzo, akakuta rangi ya bluu. Akaitambua. Ni yeye aliyeichanganya kwa mabaki ya rangi za magari, akalipaka geti la kanisa bure. Hata hivyo hakumwumbua mzee mbele ya mgeni. Alimsogelea, akamwuliza kwa sauti ya chini:

"Mzee wangu, hapa niandike bodaboda, au niandike ninachokiona?"

Mzee alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamgeukia mkaguzi akiwa ameinamisha kichwa.

"Niligonga geti mwenyewe. Niliona haya kusema."

Mkaguzi akafunga faili lake taratibu. "Mzee, wewe umekata bima kubwa, inayolipia hata gari lako mwenyewe. Ungesema geti, tungekutengenezea gari bila neno. Geti tunalipia. Uongo hatulipii."

Mmesikia, wapendwa? Kosa lake lilikuwa na bima tangu mwanzo. Kilichomponza ni kulificha. Na sisi je? Mbona tunamwendea Mungu kana kwamba rehema zake ni bima ndogo, zinafunika makosa ya wengine tu, yetu hazifiki? Tunamsingizia mke, tunamsingizia jirani, tukibanwa sana tunamsingizia shetani. Mimi mwenyewe nayasema haya huku uso ukiniwaka.

Basi kabla hatujapiga magoti kuomba msamaha, tujiulize: ni nani yuko mahabusu leo kwa sababu ya aibu yetu? Tuanze kwa kwenda kumtoa.